Naomba ushauri: kufungua kikundi cha wenye skizofrenia hapa Malindi

BintiBarani
Hamjambo wanaukumbi. Nataka kufungua kikundi cha kusaidiana cha watu wenye skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo na kudhani watu wanakufanyia njama. Vikundi hivi vinazidi kuenea sehemu nyingine, lakini kwetu mtu akitoka kliniki na dawa zake ndiyo basi, mpaka azidiwe tena. Kikao cha kwanza ni Jumamosi ijayo. Watu wawe wangapi, saa ngapi, na mtu akichafukwa mbele za wenzake nifanyeje? Silali kwa wasiwasi.

KasaWaNgomeni
Saa kumi alasiri. Asubuhi usijaribu, wengi humeza dawa zao, olanzapini au klopromazini, usiku na hadi saa nne usingizi haujawatoka. Tena klopromazini na jua letu haviivi chungu kimoja, ngozi huungua upesi, kwa hiyo kaeni ndani. Watu 8 hadi 12. Wakizidi hapo, wanyamavu hawafungui mdomo. Maji ya kunywa yawe tele maana dawa hukausha kinywa. Na kuna ambaye dawa humfanya asitulie kitini: mwache asimame, azunguke, arudi. Usimwambie "kaa".

MzeeWaShela
Waache muguka kwanza, hayo majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi! Mei 2024 kaunti ilipoipiga marufuku, korti ikaisimamisha amri, na vijana wanaendelea kutafuna mchana kutwa. Kikundi gani kitamsaidia mtu asiyelala?

BintiBarani
Mzee wangu, sikuuliza muguka.

KasaWaNgomeni
Mzee ana hoja lakini. Muguka hukatiza usingizi, na usingizi ukikatika sauti hurudi.

NesiMstaafu
Mwanangu, wangapi wamekubali kuja kwa hiari yao? Na kikao ataongoza nani?

BintiBarani
Tuko 14, kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, ukumbi nimeshalipa.

NesiMstaafu
Hujanijibu.

BintiBarani
Haya. Majina nimepewa na jamaa zao. Wanne wanajua ni kikao cha nini. Waliobaki tumewaambia ni mkutano wa mikopo ya vijana. Mmoja wao ni kakangu. Lakini ukiwaambia ukweli hawaji! Wakishafika na kuona wenzao watafurahi. Ni kwa faida yao.

NesiMstaafu
Mtu ambaye ugonjwa wake unamwambia watu wanamfanyia njama, wewe umemfanyia njama ya kweli. Akigundua, hataamini kikundi, hataamini dawa, na kakako hatakuamini wewe.

Funga hilo kundi la WhatsApp leo. Kila aliyemo anaona nambari za wenzake, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Jamaa wafanyie kikao chao, siku nyingine. Wana mengi ya kusema, ila wakikaa chumba kimoja na wagonjwa wao ndio watakaosema peke yao.

Vikundi hivi vimekua pale wenye ugonjwa walipoongoza wenyewe. Joanne Verbanic, aliyeanzisha kikundi cha kusaidiana cha Schizophrenics Anonymous kule Michigan, Marekani, mwaka 1985, alikuwa na skizofrenia. Hapa Kenya, Users and Survivors of Psychiatry wako tangu 2007, na jina lao linajieleza: watumiaji na manusura wa tiba ya akili. Anza na hao wanne.

PwezaMkavu
Jamani, hamuoni? Ukumbi umelipwa, watu 14, kikao Jumamosi, halafu ndiyo anauliza kikao huendeshwaje. Hakuna kaka wala kikundi. Huyu anaokota maneno ya kuandikia wafadhili. Mtaona picha za wagonjwa wamevaa fulana mpya.

BintiBarani
Si proposali, wallahi. Na fulana ni za rangi moja tu, hazijaandikwa kitu.

PwezaMkavu
😂😂 Kumbe fulana zipo!

MzeeWaShela
Na zitalipwa na mkopo wa vijana.

KasaWaNgomeni
Awe mkweli awe mzushi, yuko atakayesoma hapa na kufanya hivyohivyo, basi nimalizie.

Waongozaji wawe wawili, mmoja awe ni mgonjwa aliyetulia. Kila mmoja aandike mapema dalili zake za kuanza kuteleza (kukesha, kukataa chakula akidhani kina sumu), nani apigiwe simu, na nini asifanyiwe. Akichafukwa, mwongozaji mmoja atoke naye nje polepole, wa pili abaki na wenzake. Msimzunguke, msimshike. Sauti anazosikia usizipinge wala usizikubali, muulize zinamtisha kiasi gani. Akitaka kujidhuru, ni hospitali saa hiyohiyo.

Dawa zisibadilishwe humo ndani, hata kidonge kimoja. Na mfundishane hili: mtu anayetumia haloperidoli, dawa nyingine ya ugonjwa huu, shingo ikimpinda na macho yakapanda juu, watu husema jini limepanda, anapelekwa kwa mganga. Hiyo ni dawa imekaza misuli. Hospitalini wana dawa ya kuilegeza, na hulegea upesi.

Usajili ofisi ya maendeleo ya jamii usubiri. Watataka katiba, muhtasari wa kikao na nakala za vitambulisho, na wapo watakaokimbia wakiombwa kitambulisho siku ya kwanza.

BintiBarani
Na hao kumi niwaambieje?

NesiMstaafu
Mmoja mmoja, ana kwa ana: "Mkutano wa mikopo haupo. Kuna watu wanaosikia sauti kama wewe, wanakutana, ukipenda karibu." Akikataa, usirudie kabla ya mwezi. Kakako umwanzie yeye.

BintiBarani
Kwa hiyo Jumamosi wanne tu? Ukumbi ni wa watu hamsini!

KasaWaNgomeni
Panga viti saba kwa duara, karibu na mlango. Vingine vitoe nje.