Jogoo wangu ni kuchi, vifaranga vinne vimetoka na shingo ya jogoo wa jirani. Nimepigwa au ndo maumbile?

MangiWaRau:
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Nisaidieni maana wife kila akipita bandani anacheka na mi sioni cha kuchekesha.

Niko Moshi, Rau. Mwezi wa tatu nilipanda Coaster mpaka Arusha nikaunga Ngaramtoni kununua jogoo kuchi, ile mbegu ya kuku warefu wa kupigana, laki na nusu, mrefu hatari, nikampakata njia nzima kama mtoto. Nyumbani nina mitetea tisa ya kienyeji, wote wana manyoya mpaka kichwani, kishingo (wale wa shingo uchi) hakuna hata mmoja. Lengo nipate chotara niuze. Siku ileile jogoo alipoingia nikaanza kukusanya mayai, baada ya siku kumi hivi nikamwekea 14 kuku mmoja aliyekuwa anaatamia, vimetoka 11. Jana nashika kimoja kimoja nakuta vinne shingo uchi kabisa kama vimenyolewa. Jirani ana jogoo kishingo, hua anapenya kwenye ua wa masale anakuja kwangu, ila wangu akimwona tu anamtimua mpaka mtaroni sasa najiuliza huyo jamaa anapata muda saa ngapi?? Au muuzaji ndo kanipiga, mbegu sio safi? Nataka nikamwambie jirani afungie jogoo lake.

Kibo Baridi:
Mkuu kitanda hakizai haramu. Banda lako, vifaranga vyako, lea tu 😂

mfugajiTengeru:
Muuzaji mtoe kwenye hii kesi. Shingo uchi inaletwa na jeni ambayo haijifichi, ikiwepo lazima ionekane. Baba ana manyoya, mama ana manyoya, mtoto hawezi kutoka kishingo. Kuna watu wanachanganya kwa sababu kuchi naye manyoya yake ni haba, ila kishingo unamjua toka anatoka kwenye yai, ngozi iko wazi pale pale.

Kosa ulifanya mwenyewe kukusanya mayai siku ya kwanza. Tetea akishapandwa mbegu haziishi siku ileile. Ana vimirija vidogo sana kwenye njia ya yai, huku chini karibu na pa kutokea, mbegu zinakaa humo zikiwa hai wiki mbili mpaka tatu, zinatoka kidogo kidogo kupanda juu kulikuta yai jipya. Kwahiyo wakati we unampakata kuchi kwenye Coaster, mitetea yako ilikuwa imeshabeba mzigo wa kishingo.

Shangazi wa Sakina:
Mdogo wangu, mi kuku huwa nawaangalia wakati naosha vyombo. Jogoo langu likipata mdudu linaita kokoko, linamwokota linamdondosha, linamwokota tena mpaka yule mweusi aje ale, akishakula baba anashusha bawa moja chini anamzunguka. Maringo matupu. Sasa akiwa kwenye hayo maringo, wenzake mweusi wako nyuma ya choo na kijogoo cha jirani. Ye analinda, ila macho mawili wake tisa!

Ila mitetea nayo sio mijinga. Kijogoo kinyonge kikimkamata kwa nguvu anapiga ile kelele, jogoo mkubwa anakuja mbio. Na hata kikimaliza mara nyingi anazitema mbegu zake, anajikung'uta anaendelea kuchakura kama hakijatokea kitu.

Dereva_Mbugani:
Shangazi umeua. Mi nabeba wageni Serengeti, simba jike akiwa kwenye joto dume halimwachi hatua, akilala linalala, akiinuka linainuka, siku kama nne hivi, na kupanda ni kila baada ya dakika 20 au nusu saa, hata kuwinda linasahau. Wageni wanasema jamani mapenzi, nawaambia hiyo ni zamu ya ulinzi, ndugu zake hao hapo chini ya mti wanasubiri achoke. Na lina sababu, madume mapya yakiteka kundi huwa yanaua watoto yanaowakuta ili mama zao warudi kwenye joto. Sasa simba analinda mmoja anakonda, kuchi wako alinde tisa?

MangiWaRau:
Aisee. Sawa, vinne nimekubali. Ila vile saba si ni vya kuchi?

mfugajiTengeru:
Usiape. Kamwangalie jogoo wa jirani shingoni kwa mbele. Kama shingo yote iko uchi ana jeni mbili, watoto wake wote wangetoka vishingo, hapo saba ni vyako. Kama ana kishada cha manyoya kwa mbele basi anayo moja, nusu ya watoto wake wanatoka na manyoya ya kawaida na huwezi kuwajua kwa shingo. Itabidi usubiri wakue uone miguu na kimo.

Kuanzia sasa ziba hilo tundu, mitetea ikae ndani na kuchi, wiki tatu mayai yote kula au uza, usiatamishe hata moja.

Shangazi wa Sakina:
Na kwa jirani usiende na hasira, utakuja kumbebea isale, lile jani la Kichagga la kuomba msamaha, kisa kuku.

MangiWaRau:
Nimetoka huko asubuhi hii, nilijifanya naomba chumvi. Jogoo alikuwa juu ya kuni, nikasogea. Kishada anacho 😭 kidogo tu kama ndevu za beberu. Wife nimemwambia, amekaa chini kabisa kwa kucheka.

Dereva_Mbugani:
Vile vinne unauzaje? Nina kibanda huko mjini Moshi, joto kali, kishingo ndo anavumilia.

MangiWaRau:
Elfu tatu kimoja, njoo Jumamosi. Mbele ya kuchi usiulize baba ni nani.