Kongo si iko Jumuiya? Mbona nimetozwa ushuru Kalemie?

Mtoto wa Kibirizi:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mfanyabiashara mdogo hapa Kigoma, mzigo wangu napakia Kibirizi kwenye boti za mbao. Miaka yote nilikuwa nauza Burundi. Mwaka huu nikasema ngoja nijaribu Kalemie, maana kila kijiwe kinaimba kwamba Kongo wameingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru kwisha. Nikachanganya magunia ya chumvi ya Uvinza na mabeseni ya plastiki niliyoagiza Kariakoo. Vyote pamoja havikufika dola 1,500. Wakala wa makaratasi akaniambia, "Hulipi kitu, wale ndugu zetu sasa."

Kufika ng'ambo nimetozwa vyote, chumvi kwa mabeseni. Faida imeishia bandarini. Wakala simu yangu hapokei tena. Nimeibiwa, au huo undugu wa redioni haujavuka ziwa? Mwisho wa mwezi nina mzigo mwingine, naombeni ushauri kabla sijaumia mara ya pili.

Mzee wa Ujiji:
Pole kijana wangu. Mabeseni yako yametengenezwa wapi? Kama ni China, hata uyanunue Kariakoo na uyalaze Kigoma mwaka mzima, yanabaki ya China. Msamaha wa Jumuiya ni wa bidhaa zenye uasili wa nchi wanachama. Chumvi ya Uvinza ndiyo yenye hadhi hiyo, imetoka kwenye maji ya ardhi yetu wenyewe. Lakini chumvi haina mdomo, lazima iongozane na cheti cha uasili. Ulikuwa nacho?

Mtoto wa Kibirizi:
Shikamoo mzee. Nilikuwa na risiti tu, na karatasi moja ya wakala yenye mhuri.

Mzee wa Ujiji:
Marahaba. Basi hapo ndipo ulipokwama.

Kaka Reli:
Mkuu, usihangaike. Kongo wako COMESA, lile soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, chukua fomu ya COMESA ya wafanyabiashara wadogo upite nayo.

Mzee wa Ujiji:
Kaka Reli, usimpoteze mwenzio. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Hiyo fomu ni ya Mzambia, siyo ya mtu wa Kigoma.

Bibie Mawese:
Mimi sabuni yangu inakwenda Bujumbura. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake kilichorahisishwa, mradi bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Mdogo wangu, usimtume wakala. Nenda dirisha la forodha mwenyewe KABLA makuli hawajagusa gunia, uliza chumvi imo kwenye orodha ya kwenda Kongo au la. Na usichanganye tena. Chumvi peke yake, karatasi zake peke yake. Ukishafunga gunia na beseni pamoja, afisa anaona fujo tu, naye hana muda wa kukuchambulia.

Halafu Burundi usiifananishe na Kongo. Burundi wameingia 2007, maafisa wao hizo karatasi wamezizoea. Kongo wamesaini mkataba Aprili 8, 2022, wakawa wanachama kamili Julai 11 mwaka huohuo. Kusaini ni siku moja, kumfundisha afisa wa kila bandari ni habari nyingine.

Simba Mtulivu:
Siasa tupu. SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, tuko na Kongo tangu 1997, mlisikia ushuru umeisha?

Niko Ng'ambo:
Ndugu zangu, mimi naishi Kalemie. Swali kwa mwenye uzi: ulichotozwa kiliandikwaje? Huku forodha ni DGDA, ukaguzi wa ubora ni OCC, na kila mmoja ana karatasi yake. Hata ushuru wa forodha ukiwa sifuri, kuna TVA yao (kwetu VAT) ya asilimia 16 kwa bidhaa zinazohusika, na ada za ukaguzi. Hizo uanachama hauzifuti. Kwa hiyo unaweza kuwa na cheti safi kabisa na bado ukatoa hela. Dai risiti kwa kila malipo. Asiyetoa risiti, hiyo siyo serikali, hiyo ni njaa yake.

Na panga bei ukijua hilo. Wengi wanatoka Kigoma na hesabu ya sifuri kichwani, wakifika huku wanaanza kulia gatini.

Mtoto wa Kibirizi:
Asanteni sana, shikamoo tena mzee. Nimetafuta kwenye begi: risiti ninazo mbili, moja ya DGDA. Malipo yalikuwa matatu. La tatu sasa nimelielewa.

Mabeseni yaliyobaki nayamwaga soko la Mwanga. Kesho asubuhi niko dirishani kuulizia orodha. Dada Mawese, hicho cheti wanaandika uzito au idadi ya magunia?

Bibie Mawese:
Vyote viwili. Pima kabla, ya kwangu ya kwanza ilirudishwa kwa kilo nane.