Naomba ushauri: ukoo umepima DNA, tuyafanyie kazi vipi matokeo kwa pamoja?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Ukoo wetu umetapakaa Lamu, Mombasa, Unguja hadi Maskati. Tumepima DNA watu tisa, na sasa kila mtu kakaa na matokeo yake kwenye simu kama risiti ya umeme. Nataka tuyachambue pamoja, tukiyalinganisha na shajara, yaani orodha ya nasaba yetu, aliyoandika babu kwa herufi za Kiarabu, kwenye daftari ambalo mchwa wameshakula ukurasa wa kwanza.

Tumekwama pawili. Kwetu kuoana mabinamu ni jadi, kwa hiyo kipimo kinawaleta karibu watu ambao kwenye shajara wako mbali. Aliyewahi kupiga hesabu za sentimogani (kipimo cha DNA ambayo watu wawili wanashirikiana) kwa ukoo wa namna hii, anatenganishaje?

La pili zito zaidi. Shajara yetu ni ya wanaume watupu, mpaka Shirazi. Utafiti wa mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, ya Mtwapa na Manda yakiwemo, uliotoka 2023, ulionyesha upande wa kike ni wa Kiafrika kwa sehemu kubwa, na wa kiume kwa wengi unatokea Uajemi. Shangazi aliposikia nataka tuwafuate kina bibi, akaniambia, "Mwanangu, usifukue." Nahisi anaogopa utumwa usije ukatajwa. Simlaumu.

Je, idhini mnaiandikaje? Nani ashike nywila? Na mtu akijitoa, data zake zinafutwaje? Mwenye fomu aliyoitumia kwao naomba anionyeshe.