Je, kutia madini ya chuma baharini kutapunguza joto la dunia, au kutaleta madhara tunayoyaona ziwani?

Mkaazi wa Dunga, Kisumu
Habari zenu, wanajukwaa. Wapo wanasayansi wanaopendekeza bahari itiwe madini ya chuma ili mwani uote kwa wingi, ufyonze kabonidioksidi, kisha uzame nayo kilindini. Sisi wa Ghuba ya Winam, katika Ziwa Victoria, tunaujua mwani uliokithiri. Mbolea na maji taka huingia ziwani kupitia mito kama Nyando, maji yakawa kijani na kunuka, mwani ukafa na kuoza hadi oksijeni ikaisha, na wafugaji wa ngege huamka wakakuta samaki wameelea vizimbani matumbo juu. Kwa nini mtu alitafute jambo hilo kwa makusudi?

Mwalimu wa Baiolojia, Kakamega
Ndugu, hofu yako ina msingi, ingawa bahari si ghuba yenye kina kifupi. Katika Bahari ya Kusini, inayoizunguka Antaktika, rutuba ya naitreti na fosfeti ipo tele, lakini chuma ni haba mno, kwa hiyo kiasi kidogo tu huamsha mwani. Swali zito ni kama mwani huo utazama. Katika jaribio la mwaka 2004, angalau nusu ya kilichoota kilizama kupita kina cha mita 1,000, kwa kuwa wengi wao walikuwa diatomu, mwani wenye ganda la silika. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani na India walirudia kazi hiyo mahali penye silika kidogo. Mwani uliota, lakini ukaliwa na viumbe wadogo mfano wa uduvi, na kaboni iliyozama ilikuwa kidogo sana. Bahari ni ile ile, matokeo mbalimbali. Ndiyo maana siwezi kumwamini anayeuza hati za kaboni, yaani vyeti vya kudai kaboni imeondolewa hewani, kwa kuhesabu ukijani wa maji pekee.

Binti wa Nakuru
Naomba kuongezea, Mwalimu. Mwaka 2012 takriban tani 100 za salfeti ya chuma zilimwagwa karibu na pwani ya magharibi ya Kanada, kwa matumaini pia ya kuongeza samoni, na mzozo mkubwa ukazuka. Mwaka uliofuata, nchi wanachama wa Itifaki ya London, mkataba wa kuzuia utupaji wa taka baharini, zilipitisha marekebisho ya kudhibiti shughuli kama hizo, ila hayajaanza kutumika. Mimi naona afadhali utafiti wa kuongeza alkali, yaani kusaga mawe au chokaa na kuitia baharini ili maji yafyonze kabonidioksidi zaidi, kwani hupunguza pia asidi ya bahari, ambayo imepanda kwa karibu asilimia 30 tangu enzi za viwanda. Hata hivyo, baadhi ya mawe hayo yana nikeli, na migodi ya kuyachimba ingehitajika kwa wingi wa kutisha.

Mkaazi wa Dunga, Kisumu
Ahsanteni. Na mvuvi wa Lamu, aliye mbali na Antaktika, ataguswaje?

Mwalimu wa Baiolojia, Kakamega
Ataweza kuguswa, Ndugu. Rutuba isiyotumiwa kule kusini husafiri na maji ya vilindi hadi bahari za tropiki, ambako hulisha mwani, na mwani hulisha samaki. Ikiliwa yote huko inakoanzia, upungufu unaweza kujitokeza huku baada ya miongo mingi, wakati ambapo itakuwa vigumu kumthibitishia yeyote chanzo chake au kumdai fidia. Kwa hiyo nakubali majaribio madogo yanayopimwa hadi kilindini, lakini biashara ya jambo hili naipinga.