Kujifungua ugenini au kurudi nyumbani: mlipima nini kabla ya kuamua?

MgeniWaMkataba

Ndugu zangu, mke wangu ana ujauzito wa wiki 19, wa kwanza kwetu sote wawili, na tunaishi nje ya nchi yetu kwa mkataba wa kazi uliobakiza mwaka mmoja na nusu. Huku kuna hospitali tunayoiamini na daktari aliyemhudumia tangu mwanzo. Nyumbani kuna mama yake, dada zake na lugha ambayo hahitaji kuitafutia maneno anapoumwa. Tumekwisha kuorodhesha faida na hasara mara tatu, na kila mara mizani imelalia upande mwingine. Sitaki mniamulie. Ninaomba mliopitia njia hii mnieleze mlipima nini, na ni kitu gani mlichokuja kujutia kwamba hamkukipima.

MamaWaWawili

Kaka, hongereni. Mimi nimejifungua kwa njia zote mbili, wa kwanza ugenini na wa pili nyumbani, na kosa letu mara ya kwanza lilikuwa kuipima siku moja tu, yaani siku ya kujifungua. Siku hiyo ilikwenda vizuri sana. Wakunga walikuwa makini, mume wangu alinishika mkono mwanzo hadi mwisho, na tulirudi nyumbani tukiamini kwamba kazi imekwisha. Wiki ya tatu mume alirudi kazini, nami nikabaki na mtoto kuanzia asubuhi hadi jioni katika jengo ambalo sikumjua jirani hata mmoja. Nilikosa usingizi hata mtoto alipolala, nikawa nalia bila sababu, na hakuna aliyeligundua hilo hadi nilipokwenda kupimwa wiki ya sita, muuguzi akaniuliza swali moja la kawaida nikashindwa kulijibu. Ilikuwa sonona ya baada ya kujifungua. Ilitibika, lakini ingeonekana mapema zaidi kama kungekuwa na mtu mzima mwingine ndani ya nyumba.

Mara ya pili nilisafiri nikiwa na wiki 33. Nilizungukwa na watu, nikala, nikalala, nikapona. Ila mume wangu alifika mtoto akiwa na siku mbili, kwa sababu ni takribani mtoto mmoja tu kati ya ishirini anayezaliwa tarehe ile ile iliyokadiriwa, na likizo yake haikuweza kusubiri uchungu. Jambo hilo bado linamuuma hadi leo.

MkungaMstaafu

Naomba niongezee upande wa tiba. Kwanza, kalenda isipoangaliwa itawaamulia yenyewe. Mashirika mengi ya ndege humtaka mjamzito barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na hukataa kumpakia baada ya wiki ya 36, au ya 32 ikiwa ni pacha, hata kama hali yake ni nzuri. Ujauzito huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na kukaa kitini saa nyingi huiongeza zaidi, kwa hiyo katika safari ndefu anyanyuke mara kwa mara, anywe maji, na amuulize daktari kuhusu soksi za kubana.

Pili, akisafiri, asiondoke na kadi ya kliniki peke yake. Achukue nakala ya vipimo vyote vya damu na ya ile picha ya kwanza ya ultrasaundi, kwa kuwa umri wa mimba unaokadiriwa katika miezi mitatu ya mwanzo ndio wa kuaminika zaidi. Mkunga anayempokea mama katika wiki ya 34 bila picha hiyo hufanya kazi kwa kukisia.

Tatu, kundi lake la damu ni lipi? Ninauliza kwa sababu sijaona mtu akilitaja katika mijadala ya namna hii. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, takribani 15 kati ya 100 wana damu ya resusi hasi, yaani ile ambayo kundi lake huandikwa kwa alama ya kutoa, kama O-, lakini katika nchi za mashariki ya Asia hawafiki hata mmoja kati ya 100, na hivyo akiba ya damu hiyo hospitalini huko ni ndogo. Mama mwenye damu hiyo huhitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kutengeneza kinga ya kushambulia damu ya mtoto, kwa kawaida karibu na wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa mtoto ana resusi chanya. Popote mtakapochagua, ulizeni kama sindano hiyo ipo.

KaraniWaZamani

Nilifanya kazi ya hati za uraia kwa miaka mingi, na dhana niliyolazimika kuivunja mara nyingi kuliko zote ni kwamba mtoto huwa raia wa mahali alipozaliwa. Katika nchi nyingi za mabara ya Amerika, kama Kanada na Brazili, ndivyo ilivyo kwa kawaida. Uingereza iliacha utaratibu huo mwaka 1983, Australia mwaka 1986, na Ayalandi mwaka 2005. Tangu hapo hali ya wazazi nayo huangaliwa. Kwingine hakukuwahi kuwa hivyo. Nchini Japani, kwa mfano, mtoto wa wageni hufuata uraia wa wazazi: kuzaliwa kwake lazima kuarifiwe ndani ya siku 14, na kama atabaki nchini zaidi ya siku 60, kibali chake cha ukaazi kiombwe ndani ya siku 30.

Liko pia jambo linalowagusa wajukuu. Baadhi ya nchi hurithisha uraia kwa kizazi kimoja tu nje ya mipaka. Raia wa Uingereza aliyezaliwa ng'ambo akapata uraia kwa nasaba, kwa kawaida hawezi kuurithisha moja kwa moja kwa mtoto wake atakayezaliwa naye ng'ambo. Aidha, zipo nchi ambazo bado hazimruhusu mama kumrithisha mtoto uraia sawa na baba. Someni sheria ya nchi ya kila mmoja wenu, na ulizeni ubalozi kwa maandishi kabla mtoto hajazaliwa.

BabaWaNjiti

Nitasema la bima tu. Wa kwetu alizaliwa wiki ya 31, mama akiwa safarini, nje ya eneo la bima yetu. Uzazi wenyewe ulilipiwa kama dharura, lakini mtoto hakuwa ameandikishwa popote, na kila usiku aliolala kwenye chumba cha joto ulihesabiwa kwetu. Ulizeni mtoto analindwa kuanzia saa ngapi, wapi, na kama bima ina muda wa kusubiri kabla ya kugharimia uzazi, maana muda huo mara nyingi hukaribia mwaka.

MamaWaWawili

Ninakubaliana na wote, ila kaka, usiimalize likizo yako wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza kila mtu hupiga simu. Ni baadaye ndipo nyumba hunyamaza.

MgeniWaMkataba

Nimesoma kila neno pamoja na mke wangu, na ninawashukuru kwa dhati. Damu yake ni O hasi. Tulikuwa tunaijua lakini hatukuwahi kuihusisha na uamuzi huu. Kliniki ya huku imethibitisha kwamba anti-D ipo, na imempangia tarehe ya wiki ya 28. Kampuni ya bima imeandika kwamba mtoto atalindwa tangu anapozaliwa, mradi tumwandikishe ndani ya siku 30.

Tutabaki. Mama mkwe tumemwombea viza ya miezi mitatu na atafika wiki ya 37. Mimi nitachukua siku tano mtoto atakapozaliwa, na likizo iliyobaki yote nitaianza siku ile mama atakapopanda ndege kurudi. Ubalozi wetu unataka cheti cha ndoa kilichotafsiriwa na kuthibitishwa kabla ya kumwandikisha mtoto, na cheti chenyewe tulikiacha nyumbani. Shemeji anakwenda kukitafuta Jumatatu.