Naomba ushauri: vita vya Georgia vya 2008 katika kipindi cha redio

Wakuu, salaam kutoka Iringa. Tunaandaa kipindi cha dakika 30 kuhusu vita vya Urusi na Georgia vya Agosti 2008, vilivyozuka katikati ya kampeni za urais wa Marekani kati ya Obama na McCain. McCain aliilaani Urusi mara moja. Obama alianza kwa kuzisihi pande zote mbili zijizuie, kisha akakaza kauli. Ripoti iliyoagizwa na Umoja wa Ulaya, Septemba 2009, ilisema Georgia ndiyo iliyoanza kwa kuushambulia Tskhinvali, mji mkuu wa Ossetia Kusini, eneo lililojitenga na Georgia, ila Urusi nayo ilipitiliza.

Je, ripoti itangulie? Nahofia msikilizaji atawahukumu wagombea kwa jambo ambalo Agosti ile halikuwa limethibitishwa. Ikiwa mwisho, anayezima redio mapema anabaki na kauli za kampeni tu, na hilo ni baya zaidi. Mngepangaje?