Vijana na wavamizi: Red Dawn ya 1984, ya 2012, au ile ya Australia?

BintiKibokoni: Assalaam aleikum. Wadogo zangu wawili, miaka 14 na 16, wanakuja kwangu Jumamosi na wanataka filamu ya vita. Nimebakisha tatu, zote za vijana ambao nchi yao imevamiwa: Red Dawn ya 1984, ile iliyorudiwa 2012, na Tomorrow, When the War Began ya 2010. Nishike ipi?

NahodhaLikoni: Waaleikum salaam. Ya 1984, dada. Wasovieti na Wakuba wanashuka kwa miamvuli kando ya shule Colorado, Marekani, na Jed (Patrick Swayze) anawatorosha wenzake hadi milimani. Niipendeacho ni kwamba kuua hakuwi rahisi. Robert, mmoja wa vijana hao, anaanza mtoto wa watu tu. Babake akishauawa, moyo unageuka jiwe. Daryl, mwenzao wa shule, alipowasaliti, Jed mwenyewe alishindwa kumpiga risasi. Robert ndiye aliyempiga. Hapo nilizima, nikatoka barazani kupata hewa. Halafu kuna yule kanali wa Kuba: anamwona Jed kambeba mdogo wake, silaha anayo, na bado anawaacha wapite.

KijanaTudor: Ya zamani watasinzia, yakhe. Ya 2012 ina kasi, na Chris Hemsworth ni askari wa Marine anayejua kazi.

NahodhaLikoni: Kasi ipo, adui hayupo. Waliipiga picha wavamizi wakiwa Wachina, kisha kabla haijatoka wakabadilisha bendera na alama kwa kompyuta, wakawa wa Korea Kaskazini. Ndiyo maana hakuna hata mmoja wao unayemkumbuka.

UmmuZ: Mwanangu, kama kuna msichana hapo, weka ya Australia. Ellie ndiye anayeongoza. Yeye na wenzake wanarudi kutoka kambini porini, nyumba tupu, umeme hakuna. Woga ule naujua mie. Mwishowe wanalipua daraja kwa lori la mafuta. Kasoro: inakatikia njiani, na filamu ya pili haikutengenezwa.

MzeeWaNgome: Ukimaliza, wapeleke Fort Jesus. Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa, alichukuliwa na Wareno akiwa mtoto, wakamlea Goa, na mwaka 1631 akawageukia akaiteka ngome. Kisa hicho nacho chataka filamu.

BintiKibokoni: Shukran nyote. Wa miaka 14 ni msichana, kwa hiyo tunaanza na Ellie. Ya 1984 itafuata usiku, na ikifika pale kwa Daryl nitakuwa nimekaa kati yao.